KUFUNDISHA HISTORIA KWA KUTENGENEZA: SHANTA LA NGOZI LA ASKARI WA KALE

Utangulizi

Mwanafunzi wa darasa la sita aweza kuutaja mwaka wa vita bila kujua kwamba waliopigana vita hivyo walikwenda kwa miguu. Aweza kulitaja jina la jemadari, asijue askari wake walikula nini, walilala juu ya nini, wala walibeba nini migongoni. Historia ya namna hiyo hukaririwa leo na kusahauliwa kesho, kwa sababu haikupata mahali pa kushika katika fahamu za mtoto.

Katika makala haya tunakusudia kueleza njia moja ya kuutibu udhaifu huo, nayo ni kutengeneza upya kifaa cha kale kwa mikono, kwa kufuata ushahidi uliopo. Kifaa tulichokichagua ni shanta la ngozi la askari wa miguu wa Ufaransa wakati wa Napoleon, baina ya mwaka 1800 na 1815. Tumelichagua kwa sababu tatu. Kwanza, umbo lake ni sahili, na kila mtoto anayebeba daftari zake mgongoni analielewa mara moja. Pili, malighafi yake ni ngozi, uzi na nta, vitu vinavyojulikana katika kila kijiji chetu. Tatu, shanta linauliza swali ambalo vitabu vingi vya vita huliruka: mzigo wa vita hubebwa na nani?

Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alisisitiza kwamba masomo yasitengwe na kazi. Hapa tunaonyesha kwamba hata somo la historia, linalodhaniwa kuwa la maneno matupu, laweza kufundishwa kwa mikono.

Maigizo ya historia

Katika nchi za Ulaya na Marekani wapo watu wengi wanaojitolea kuigiza maisha na vita vya kale. Hujishonea mavazi, hujitengenezea vifaa, kisha hupiga kambi na kutembea kama walivyotembea watu wa zamani. Uingereza, kwa mfano, kikundi kiitwacho Ermine Street Guard kilianzishwa mwaka 1972 kwa ajili ya kuigiza jeshi la Roma. Mwaka 1985 mwanahistoria Marcus Junkelmann wa Ujerumani aliongoza kundi dogo la watu kuvuka milima ya Alps kwa miguu, kutoka Verona hadi Augsburg, wakiwa wamevaa na kubeba vifaa vya askari wa Roma vilivyotengenezwa upya. Na mwaka 2015, ilipotimia miaka 200 tangu vita vya Waterloo, maelfu ya waigizaji walikusanyika Ubelgiji kuiigiza siku ile.

Kwa watazamaji, mambo hayo ni tamasha. Kwa mtu anayetaka elimu, faida yake ni nyingine. Mtu akiisha kulibeba shanta kutwa nzima hugundua mambo ambayo mchoro hauyasemi: ni wapi ukanda unapokata bega, ni mshono gani unaoanza kuachia, ni kwa nini kifuniko kilikatwa kirefu kuliko mdomo wa shanta. Yaani kifaa chenyewe hugeuka kuwa mwalimu. Faida hiyo ndiyo tunayoitaka darasani.

Shanta lenyewe

Shanta la askari wa miguu wa Ufaransa lilikuwa mfano wa sanduku laini, lililoshonwa kwa ngozi ya ng'ombe ambayo manyoya yake hayakuondolewa. Manyoya yalikaa nje. Ndani palitiwa bitana ya kitambaa. Kifuniko kilishuka upande wa mbele na kufungwa kwa kanda tatu zenye bizimu. Kanda mbili za mabegani zilikuwa za ngozi nyeupe, na juu ya shanta palikuwa na kanda nyingine za kufungia koti lililokunjwa kama mkeka.

Kwa nini manyoya yaliachwa? Jibu lake mtoto aweza kulipata kwa kumtazama ng'ombe aliyenyeshewa. Manyoya yamelala kuelekea chini, na maji huteremka juu yake bila kufika haraka kwenye ngozi. Fundi aliyekata kifuniko ilimpasa kuigeuza ngozi ili manyoya yaelekee chini wakati shanta limefungwa. Akikosea upande, manyoya yangeyapokea maji badala ya kuyamwaga.

Majeshi mengine yalichagua njia nyingine. Waingereza wa wakati huohuo walitumia shanta la turubai lililopakwa rangi, lenye mbao nyembamba za kulinyoosha na ukanda uliopita kifuani. Lilipendeza katika gwaride, lakini lilibana kifua cha mbebaji, na wapo askari wa Kiingereza waliopendelea mashanta waliyoyateka kutoka kwa Wafaransa. Malalamiko juu ya uzito unaobana kifua yaliendelea kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1871 jeshi hilo lilipoanza kutumia vifaa vya namna mpya vilivyoushusha mzigo kuelekea kiunoni. Wanafunzi wanaweza kujifunza hapa kwamba kifaa kinachopendeza machoni mwa mkaguzi si lazima kimfae anayekitumia.

Ngozi na magome

Ngozi mbichi huoza. Ikikaushwa tu, huwa ngumu kama ubao, na ikilowa huanza kuoza tena. Ili idumu yapaswa kudabighiwa. Katika Ulaya ya wakati huo njia kuu ya kutengeneza ngozi nene ilikuwa kuiloweka katika maji ya magome ya mwaloni, na kazi hiyo iliweza kuchukua mwaka mzima au zaidi. Magome yana dawa iitwayo tanini, ambayo hushikamana na nyuzinyuzi za ngozi na kuzizuia zisioze. Ngozi zilizohitaji kubaki na manyoya, pamoja na zile nyeupe, ziliweza kutengenezwa kwa shabu na mafuta badala ya magome. Zile za kubaki na manyoya hazikutiwa katika chokaa, kwa kuwa chokaa hung'oa manyoya.

Elimu hiyo si ngeni kwetu. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanaujua mkandaa, mmojawapo wa miti ya mikoko, ambao magome yake hutumiwa kwa rangi na kwa ngozi. Wakati wa utawala wa Wajerumani magome ya mikoko yalivunwa katika delta ya Rufiji na kupelekwa Ulaya kwa ajili ya viwanda vya ngozi. Huko Njombe, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1949 ilipanda miwati kwa ajili ya tanini iliyomo katika magome yake. Mwalimu anaweza basi kuanza na mti ambao mtoto anaujua, kisha akamvusha hadi kwenye mwaloni wa Ufaransa ambao hajauona.

Jambo moja zaidi lafaa lijulikane. Ngozi nyingi za viatu na mikoba ya leo hutengenezwa kwa madini ya kromu, njia iliyoenea baada ya miaka ya 1880. Kwa hiyo mtu akituonyesha shanta “la wakati wa Napoleon” lililokatwa katika ngozi ya kromu, au lililoshonwa kwa cherehani, tutajua kwamba ni la baadaye, hata kama umbo lake ni sawasawa. Malighafi nayo hutoa ushahidi.

Mambo matatu yasichanganywe

Hatari kubwa ya kutengeneza upya kifaa cha kale ni kwamba kikiisha kutengenezwa huonekana kuwa cha kweli kabisa. Mtoto husadiki kitu alichokishika kuliko neno alilolisikia. Kwa sababu hiyo mwalimu anayeleta kifaa cha kuigiza darasani amechukua dhamana kubwa. Akidanganya kwa mdomo, uwongo wake waweza kusahauliwa. Akidanganya kwa kifaa, uwongo huo hukaa.

Tunapendekeza kila kifaa kinachotengenezwa kiandamane na kadi yenye safu tatu:

(a) Tunayoyajua. Haya ni mambo yenye ushahidi: vifaa vilivyohifadhiwa katika makumbusho, kama yale ya jeshi yaliyopo Paris, amri za jeshi zilizoandikwa, michoro ya wakati ule, na maandishi ya watu walioshuhudia. Kwa mfano: manyoya yalikaa nje.

(b) Tunayoyakisia. Haya ni mambo tunayoyafikia kwa kupima sababu. Kwa mfano: pale ambapo mshono wa kifaa cha kale umefichika ndani ya bitana, tunakisia jinsi ulivyoshonwa kwa kuutazama mshono unaoonekana.

(c) Tuliyoyabadili. Haya ni mambo tuliyoyafanya sisi kwa sababu ya uhaba wa vifaa, usalama au muda. Kwa mfano: tumetumia gunia badala ya ngozi, na katani badala ya uzi wa kitani.

Safu ya tatu ndiyo inayosahauliwa na wengi, nayo ndiyo yenye mafunzo makubwa kuliko zote. Mtoto aliyezoea kuandika kwa uaminifu “hapa tumebadili” atakuwa mtu mzima anayeuliza, kila aonyeshwapo kitu, “hapa wamebadili nini?”

Kazi ya darasani

Mpango ufuatao ni wa vipindi vinne, kwa darasa la tano hadi la saba. Darasa ligawanywe katika vikundi vya wanafunzi sita au saba.

Vifaa: maboksi ya karatasi ngumu, magunia au turubai kuukuu, vipande vya ngozi kutoka kwa fundi viatu, uzi wa katani, nta ya nyuki, sindano butu mbili kwa kila kikundi, msharasi mmoja utakaokaa kwa mwalimu, mikasi, rula na chaki.

Kipindi cha kwanza: Kigezo. Tuchukue kwamba shanta kamili lina upana wa sentimeta 36, kimo cha sentimeta 30 na kina cha sentimeta 10. Vipimo hivi tumevichagua kwa ajili ya hesabu za darasani, na sharti viandikwe katika safu ya tatu ya kadi. Mwili wa shanta hukatwa kama kipande kimoja kirefu: mbele 30, chini 10, nyuma 30, juu 10 na kifuniko 30, jumla sentimeta 110. Eneo lake ni 110 × 36, yaani sentimeta za mraba 3,960. Pande mbili za ubavuni ni 30 × 10 kila moja, yaani 600 kwa pamoja. Jumla ni 4,560, mbali na nyongeza ya mishono na kanda.

Sasa mwalimu aulize: je, ngozi ya mbuzi mmoja itatosha? Wanafunzi waipime ngozi yenyewe ikipatikana. Wataona kwamba hata pale ambapo eneo linakaribia kutosha, umbo la ngozi lenye miguu na shingo halikubali kukatwa kipande cha sentimeta 110 kwa 36. Hapo watatambua wenyewe faida ya ngozi ya ng'ombe, bila kuambiwa. Kisha kila kikundi kichore kigezo cha nusu ya vipimo juu ya boksi. Eneo litakuwa sentimeta za mraba 1,140. Wanafunzi wengi watatazamia nusu ya 4,560, nao watapata robo. Mwalimu asiharakishe kueleza. Awaache wakate, wapange vipande vinne juu ya kimoja, na wavumbue sababu.

Kipindi cha pili: Kushona. Mwalimu atoboe matundu kwa msharasi, yakiachana kwa nusu sentimeta. Uzi upakwe nta ili usiloe wala kuchakaa upesi. Mwanafunzi atie sindano kila ncha ya uzi mmoja, apitishe sindano ya kwanza katika tundu, kisha ya pili katika tundu lilelile kutoka upande wa pili, avute zote mbili kwa nguvu sawa, aendelee. Mshono ukiisha, akate uzi mahali pamoja kwa makusudi na kujaribu kuufumua. Utashika. Ajaribu vivyo hivyo kwa mshono wa cherehani ulio katika gunia kuukuu, naye alinganishe. Ataelewa kwa nini mshono wa mkono uliaminiwa kwa kitu kitakachovutwa kila siku.

Kipindi cha tatu: Majaribio mawili.

Jaribio la kwanza ni la manyoya. Kipande cha ngozi yenye manyoya iliyokwisha kutengenezwa kisimamishwe mshazari, kwanza manyoya yakielekea chini, kisha yakielekea juu. Kila mara pamiminwe kikombe cha maji. Wanafunzi waandike waonayo.

Jaribio la pili ni la tanini. Msumari wenye kutu ulowekwe usiku kucha katika siki. Siku ya pili matone machache ya maji hayo yatiwe katika chai ya rangi iliyokolea na kupoa. Chai itageuka nyeusi, kwa sababu chuma hukutana na tanini iliyomo katika majani ya chai. Kisha tone moja litiwe juu ya kila kipande cha ngozi kilichotoka kwa fundi viatu. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome aghalabu itaonyesha doa jeusi. Hii ni njia nyepesi ya kumfundisha mtoto kukihoji kitu kisicho na mdomo. Chai iliyotumika imwagwe, isinywewe.

Kipindi cha nne: Kadi na maonyesho. Kila kikundi kiandike kadi yake ya safu tatu na kuisoma mbele ya darasa. Vikundi vingine viulize. Mwalimu asikadirie uzuri wa shanta tu. Akadirie pia ukweli wa kadi.

Uzito wa shanta

Baada ya shanta kutengenezwa, wanafunzi wajue lilibeba nini. Jenerali Philippe de Ségur, aliyekuwa pamoja na Napoleon katika safari ya Urusi ya mwaka 1812, ametuachia maelezo katika kitabu alichokitoa mwaka 1824. Anaeleza mashanta ya askari wa Jemadari Davout: mashati mawili, jozi mbili za viatu, suruali, burashi, vitambaa vya kufungia majeraha, risasi 60, mikate mikavu, na mfuko wa unga wa ratili 10. Pamoja na kanda na vazi lililokunjwa juu, shanta lilipata ratili 33 na zaidi kidogo. Ratili ya Kifaransa ya zamani ilikaribia nusu kilo, kwa hiyo uzito huo ni kama kilo 16 na nusu. Bunduki ilikuwa mbali, yapata kilo nne na nusu.

Kwa kipimo chetu cha zamani, shanta hilo lilikaribia frasila moja, yaani ratili 35 za Kiingereza. Wapagazi wa misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji katika karne ya 19 walizoea kubeba mizigo iliyofika frasila mbili. Kwa hiyo, tukizungumza juu ya mzigo wa askari wa Ufaransa, hatuzungumzi juu ya jambo la ajabu. Babu wa baadhi ya wanafunzi wetu walibeba zaidi.

Askari zaidi ya 400,000 waliingia Urusi mwezi wa Juni mwaka 1812. Waliorudi walikuwa wachache. Wengi hawakuuawa na risasi. Walikufa kwa njaa, maradhi, uchovu na baridi. Hali hiyo ilitokea kwetu pia katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918. Majeshi yaliyopigana katika Afrika Mashariki yalitegemea wapagazi waliochukuliwa kwa mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu kati yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo la Dar es Salaam limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi hao. Maandishi yaliyo chini ya Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mjini humo mwaka 1927, yanawakumbuka pamoja na askari. Lakini sanamu yenyewe ni ya mwenye bunduki. Mwalimu anaweza kuliuliza darasa: kwa nini si ya mwenye mzigo?

Tahadhari

1. Ngozi mbichi isiletwe darasani. Mnyama aliyekufa mwenyewe huenda alikuwa na kimeta, ugonjwa unaoweza kumwambukiza mtu kwa njia ya ngozi na manyoya, na vijidudu vyake hudumu muda mrefu. Itumike ngozi iliyokwisha kutengenezwa, kutoka kwa fundi anayejulikana.

2. Msharasi na kisu vikae mkononi mwa mwalimu. Kuchoma matundu juu ya paja ni marufuku. Itumike meza au kigogo.

3. Mtoto asibebeshwe uzito wa askari. Shanta la darasani litiwe madaftari machache. Uzito kamili uonyeshwe kwa mzani na mfuko wa mchanga uliowekwa sakafuni, ambao kila mwanafunzi atajaribu kuusukuma kwa mguu.

4. Tuigize safari, tusiigize mapigano. Watoto wakipewa bunduki za miti, somo limekwisha na mchezo umeanza. Wakizunguka uwanja kwa mstari wakiwa na mashanta, kisha wakakaa chini na kusimulia walichokihisi, somo limefika.

Hitimisho

Shanta la ngozi si kitu kikubwa katika historia ya ulimwengu. Halikuamua ushindi wala kushindwa. Lakini mtoto aliyekata kigezo chake, akashona mshono wake, akaipima ngozi kwa tone la kutu na akaandika kwa uaminifu alichokijua na alichokibadili, amefanya kazi ileile aifanyayo mwanahistoria. Tena ameifanya juu ya kitu kilichokuwa cha mtu asiyeandikwa jina popote. Ndugu mwanachuo, ukienda katika mazoezi ya kufundisha, usingoje makumbusho yaje shuleni kwako. Fundi viatu wa kijiji, gunia kuukuu na kadi ya safu tatu vyatosha kuanzia.

Mazoezi kwa wanachuo

1. Chagua kifaa kimoja cha kale cha mahali unapotoka, kama vile ngao, kibuyu, ngoma au podo la mishale. Andika kadi yake ya safu tatu.

2. Tayarisha andalio la somo la kipindi cha kwanza kwa darasa lenye wanafunzi 60 na mikasi minne tu. Eleza kila kikundi kitafanya nini wakati kinangoja zamu ya mikasi.

3. “Kifaa cha kuigiza kinachopendeza mno chaweza kudhuru somo.” Jadili, ukitoa mifano miwili.

4. Mzee mmoja wa kijiji anaeleza kwamba babu yake alikuwa mpagazi wakati wa vita. Andika maswali sita ambayo wanafunzi wako watamwuliza juu ya mzigo, njia na chakula, kwa namna ya adabu na bila kumwelekeza majibu.